Vidonge vya Kunona na Ujumbe wa Nusu Dakika

Nimestaafu, wanangu. Sasa mnaweza kula mnachotaka. Yule mama aliyekuwa akiingia kwenye simu zenu bila hodi na kuwauliza kama leo mmeonja mboga hayupo tena. Mmebaki na wacheza ngoma, wauza nywele na manabii, yaani watu wanaojua mambo.

Kwa wale ambao hamkupata nafasi ya kunipuuza, jina langu ni Mama Zaina. Baba alikuja Kolwezi kutoka Maniema na lori moja bovu, akaligeuza kuwa malori mawili mabovu, akatumaini kwamba binti yake ataolewa na mwenye magari mazima. Binti akasomea uuguzi, kisha lishe, akatumia ujana wake kupima mikono ya watoto wachanga na kuwasifia mama zao karanga. Mzee aliniambia hadi kufa kwake kwamba kama ningeziuza hizo karanga badala ya kuzisifia, ningekuwa na nyumba ya ghorofa.

Habari ya simu, mlaumuni mkubwa wangu wa kazi. Siku moja aligundua, kwa akili zake nyingi, kwamba vijana hawaji kwenye kituo chetu cha afya. Wanakuja wakiwa na malaria, au wakiwa wamebeba mtoto. Katikati ya hapo wanaishi kwa mkate mkavu, soda, na vile vinywaji vya kuchangamsha damu ambavyo moyo unavilipia baadaye. Mkubwa akaniita ofisini.

"Mama Zaina, batoto beko mu telefone. Bakubwa banasema tubafuate kule."

Alisema "kule" kana kwamba simu ni mtaa ulio nyuma ya reli, unapanda pikipiki unashuka. Mimi nilikuwa na simu ya tochi. Nikapewa simu kubwa ya kioo, nikapewa na kijana wa kunionyesha mahali pa kubonyeza. Jina lake Trésor. Alisomea mambo ya mawasiliano Lubumbashi, na alivaa viatu vyeupe katika mji wa vumbi jekundu, jambo ambalo peke yake linaonyesha kijana mwenye imani.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa aibu, nawasimulia msije mkairudia. Watu wa ofisi kubwa walitutumia picha za kuweka kwenye ukurasa. Picha nzuri sana. Sahani nyeupe, samaki wa rangi ya waridi, majani ya kila aina, na kitu kimoja cha kijani chenye umbo la mti mdogo. Tukaandika chini yake: kula hivi kila siku. Maoni yakamiminika. Binti mmoja akauliza: "Mama, ile muti ya kijani banakataka mu pori gani?" Na mchimbaji mmoja wa madini kule Mutoshi akaandika: "Mi nashukaka mu shimo asubui, napanda mangaribi. Ile majani niweke wapi, mu kofia?"

Nilimpenda kijana yule bila kumwona. Alikuwa amenifundisha kwa sentensi mbili kile ambacho semina zote hazikunifundisha. Tangu siku hiyo hatukutaja chakula ambacho hakiuzwi sokoni kwetu, na hatukumpangia mtu mlo bila kujua anakula wapi, akiwa amesimama au amekaa, na kama ana maji ya kunawa. Mchimbaji hawezi kubeba saladi, lakini anabeba karanga za kukaanga mfukoni, yai la kuchemsha, na ndizi. Tuliposema hivyo, akajibu kwa kidole gumba. Kwa kizazi chenu, hiyo ni barua ya shukrani.

Mjue pia kwamba chakula chetu hakipendi kamera. Sombe, yaani majani ya muhogo, ni chakula kitukufu, mimi nimelelewa nayo, lakini ukiipiga picha kwa taa ya simu inafanana na kitu alichoacha ng'ombe njiani. Trésor ndiye aliyepata dawa. Sahani iwe karibu na mlango, mwanga uingie kwa ubavu, bukari jeupe, yaani ugali, likae pembeni, na juu ya sombe uweke samaki wadogo wakavu wakiwa wazima, macho yao yakimtazama mtazamaji. Halafu upige haraka, moshi ungali unapanda. Mimi niliyesomea vitamini nikawa mpambaji wa samaki, na nakiri kwamba nilikuwa mzuri.

Lakini picha zinakula pesa ya intaneti, na vijana wa kwetu hawamalizi mega zao kwa ajili ya kunde. Ndipo tukahamia kwenye sauti. Ujumbe wa sauti ni mwepesi, unapita kutoka simu hadi simu, unasikilizwa na mtu anayesuka nywele, anayeosha gari, anayengoja zamu. Hapo nikamkumbuka Tata Ilunga. Huyu alisoma matangazo ya misiba kwenye redio ya mji miaka mingi, kwa sauti ambayo marehemu wenyewe wangeifurahia. Alikuwa mzee tayari, anakaa nyumbani na kuwasahihisha watangazaji wapya kwa kuwatukana mbele ya redio yake. Nilikwenda kumwomba anifundishe kusema.

Alinisikiliza nikisoma ujumbe wangu, akafumba macho kwa maumivu. "Uko nasomea ukutani," akasema. "Chagua mutu moya. Umuseme yeye." Akaniambia nimweke akilini binti mmoja ninayemjua, nimwite, nimngoje aitike, ndipo niendelee. Kisha akanipa jambo la pili, ambalo ndilo lililonifaa kuliko yote.

"Ukiambia mutu avuke barabara, anza na motokari. Ukianza na 'vuka', ile ya motokari utaiambia maiti yake."

Yaani sharti litangulie amri. Kwanza hatari, kisha la kufanya. Niliandika jambo hilo kichwani, na sikuwahi kurekodi neno bila kulifuata. Kumbukeni hilo, maana tutafika mahali ambapo halikusaidia kitu.

Kabla ya kufika huko, niwape kichekesho, maana mnapenda vichekesho kuliko afya. Kuna mwaka tuliagizwa kuwaonya vijana kuhusu unene. Bakubwa walikuwa na wasiwasi na unene wenu. Tukatengeneza orodha nzuri ya vyakula vinavyonenepesha haraka: andazi la mafuta, soda, mayonezi, mkate wenye siagi na sukari juu, viazi vya kukaanga. Tukaandika kwa herufi nyekundu kwamba hivi vinanenepesha. Haijawahi kutokea kazi yetu ipendwe namna ile. Wasichana wa Kolwezi nzima waliihifadhi. Walitumiana. Mmoja akaandika: "Aksanti mama, Mungu akubariki, mi nimeanza leo." Mwingine akauliza kama akichanganya mayonezi na soda matokeo yatakuja kabla ya Krismasi.

Tulikuwa tumeandika maonyo, wao wakapokea mapishi. Na kosa halikuwa lao. Nani hapa kwetu hajui kwamba kumwambia mtu "unanona!" ni kumsifu? Ukirudi kutoka safari, jirani akakwambia umenona, unamshukuru, unamkaribisha chai. Akikwambia umekonda, usiku hulali, unahesabu magonjwa. Mke mnene ni tangazo kwamba mume ana kazi. Binti mnene ni tangazo kwamba kwao kuna unga. Nasi tukaja na herufi nyekundu kutangaza hatari ya kuonekana umetunzwa. Semina gani ingefundisha hilo?

Kwa hiyo soko lilikuwapo, na wenye macho waliliona. Alikuwapo mwanamke mmoja mtandaoni akijiita Malkia Nyonga. Sikuwahi kumwona ana kwa ana, lakini nilimheshimu kama fundi mwenzangu. Aliuza vidonge vya kunona. Vidogo, vyeupe, katika vijifuko vya plastiki visivyo na jina, dozi ikielezwa kwa kucheka. Alionyesha picha ya msichana kabla na baada, kabla akiwa kama ufagio, baada akiwa kama mke wa waziri. Hakusema "ni muhimu", hakusema "wataalamu wanashauri". Alisema: "Mupenzi wangu, unachokaka kuchekwa?" Watu wake walikuwa wengi kuliko wetu mara kadhaa, na hakuwa na bajeti hata ya maji ya chupa.

Nilijua vidonge vile ni nini. Nilikuwa nimewaona mabinti pale kituoni: uso wa duara, mashavu yamejaa, tumbo limekuja mbele, lakini mikono na miguu imebaki kama ya mtoto, na ngozi imepasuka mistari. Ni dawa za hospitali, zenye kazi yake halali, ambazo daktari huzitoa kwa uangalifu. Mtu akizimeza miezi mingi, mwili unaacha kutengeneza dawa yake ya asili, maana kwa nini ujisumbue na kitu kinaletwa bure? Tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zinalala. Ukikatiza vidonge ghafla, zinabaki zimelala, na mwili hauna cha kuusimamisha.

Nikarekodi. Nilimchagua binti mmoja akilini kama Tata Ilunga alivyotaka, na nilianza na motokari. Nilisema: "Binti yangu, kama unameza vidonge vya kunona tangu siku nyingi, usiviache ghafla, usiviache peke yako. Njoo kituoni kwanza, tutaviacha polepole pamoja." Nikaeleza kwa nini. Nikaeleza chakula kinachoongeza mwili bila kuuharibu, karanga zangu zikiwemo. Na mwishoni, baada ya dakika kadhaa za ustaarabu, nikachemka. Nikawageukia wale waliovinunua na hawajaanza kuvimeza. "Lakini wewe uliyenunua jana, tupa! Tupa leo! Leo hii, kwenye choo, na maji umwage!" Nilisema kwa hasira ya kweli, maana nilikuwa nimetoka kumwona mmoja wa mabinti wale.

Kesho yake nikaitwa Likasi, kwenye mafunzo ya siku mbili kuhusu mawasiliano bora. Tulikula vizuri sana. Tulichora mishale ukutani kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji.

Na wakati nikichora mishale, Trésor alifanya kazi yake. Alisikiliza dakika zangu za ustaarabu, akapiga miayo, akafika mwishoni nilipochemka, akaruka kwenye kiti. Msiniombe nimseme vibaya. Alikuwa na haki. Jumbe zangu ndefu mlikuwa mnazifungua, mnasikia "binti yangu", mnazifunga, na simu ilikuwa inamwonyesha hivyo bila huruma. Akaikata ile hasira peke yake, nusu dakika, akaweka ngoma kidogo chini yake, akaituma. Ujumbe mzima akauweka chini, kwa yeyote atakayebonyeza.

Nilisikia sauti yangu nikiwa kwenye teksi ya kurudi Kolwezi. Abiria wa mbele, msichana wa kusuka, alikuwa akinisikiliza simuni na kucheka. "Tupa! Tupa leo!" Dereva naye aliijua, akaitikia "Leo hii!" kwa sauti yangu. Nilimpigia Trésor nikiwa nimekaa katikati ya magunia ya watu.

"Mwanzo iko wapi?"

"Mama, tunafika mbali! Hata bantu ba Lubumbashi bananipigia."

"Trésor. Mwanzo iko wapi?"

"Iko chini, mama. Mutu anabonyeza tu."

"Na nani anabonyezaka chini?"

Akasema polepole, "Hakuna." Alikuwa kijana mwenye akili, alielewa kabla sijaeleza. Akaufuta ujumbe ule kwenye ukurasa wetu, akaweka mzima. Lakini sauti ikishatoka kwenye simu yako si yako tena. Ilikuwa imeshakuwa mlio wa simu za watu. Mkubwa wangu alinipongeza barabarani, mbele za watu, jambo lililokuwa geni kabisa.

Siku chache baadaye, asubuhi, ukaingia ujumbe wa sauti kwenye namba ya kituo. Sauti ya mama mtu mzima, bila salamu. Kwa mtu wa kwetu kuacha salamu, ujue nyumba inaungua.

"Weye mama wa mu telefone. Mutoto yangu Mwadi alikusikia. Ulisema atupe dawa, akatupa. Sasa hasimame tena, anatapika, macho inageuka. Shi tuko Kasulo. Kuya uangalie kazi yako."

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miaka yote ile nilimwomba Mungu wenu na wangu anipe kijana mmoja tu wa kunisikia. Akanipa Mwadi. Alisikia, akatii siku ileile, na ndiye aliyevunjika.

Trésor alisikiliza ule ujumbe akiwa amesimama, akakaa chini sakafuni na suruali yake safi. Kisha akainuka akaenda kuita pikipiki. Tulipanda watu wawili na dereva. Kasulo mnakujua: nyumba imekaa, na chini ya nyumba kuna shimo la madini, na chini ya shimo kuna bahati ya mtu. Unapita kati ya marundo ya udongo kama unatembea juu ya paa. Kwa mama wa Mwadi shimo lilikuwa limefunikwa kwa bati pale palipokuwa sebule zamani, kwa hiyo mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye chumba cha ndani, juu ya godoro, na jirani akimpepea.

Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, anauza vocha karibu na soko. Nilijua ugonjwa wake kabla sijafika kwenye godoro. Uso wa duara kama mwezi, mikono kama fimbo. Midomo imekauka. Mapigo yanakimbia, tena hafifu, ninayatafuta na kuyapoteza. Nilimwita, akafungua macho.

"Mama, njo weye wa mu telefone?" akasema. "Nilitupa yote. Na maji nikamwanga."

Alikuwa anajivuna, wanangu. Alikuwa anakufa na anajivuna kwamba ametii. Nilitaka kulia na sikuwa na nafasi.

Nikasema aende hospitali sasa hivi, anahitaji maji ya mshipa na dawa ileile aliyoikatisha, daktari aanze nayo leo. Mama yake akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hapana. Leo hapana."

Ndipo nikasikia habari nzima. Mwadi alikuwa amechumbiwa na Yav, kijana wa Musumba anayeendesha lori la madini. Shangazi wa Yav, mwenye sauti katika ukoo, alikuwa amekuja mara moja kumwona binti, akarudi kwao, akampigia Yav simu, na neno likaletwa na Yav kwamba shangazi anasema Mwadi ni mkondefu. Neno hilo moja tu. Hapo Mwadi akamtafuta Malkia Nyonga. Na leo shangazi alikuwa njiani, amepanda lori tangu Musumba kwenye zile barabara mbovu, kuja kumtazama mara ya pili. Akimkuta mchumba hospitalini atasema amechaguliwa mgonjwa, na ndoa imekwisha.

"Tungoje apite," mama akasema. "Akipita, tutamupeleka. Siku moya tu. Mutoto alale, tumufunike muzuri, uso yake haionekane mubaya."

"Mama," nikamwambia, "unataka baoe uso?"

Hakucheka. Hata mimi sikucheka, ingawa kwa kawaida maneno ya namna hiyo hunifurahisha. Aliniangalia kwa chuki ambayo ilikuwa haki yake, akasema yeye hatoki mlangoni, na kwamba mimi nimeshamwambia binti yake la kufanya mara moja, inatosha. Nilimweleza tezi, nilimweleza figo, nilimweleza presha ya damu inavyoshuka. Kila neno lilikuwa sahihi na hakuna lililomfikia. Mwadi akatapika tena, akawa hana cha kutapika.

Trésor alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akapita mbele, akapiga magoti pale kwenye udongo mwekundu mbele ya yule mama.

"Mama, si yeye. Yeye alisema: usiache peke yako, kuya kwanza. Njo mi nilikata. Nilikata mwanzo, nikaacha makelele tu. Mutoto yako alisikia mi, hakumusikia yeye."

Yule mama akamtazama. Nilidhani atampiga, na Trésor naye alidhani hivyo, maana alifumba macho. Mwanamke akasogea kutoka mlangoni.

"Unapiga magoti juu ya nini? Simama, mubebe."

Trésor akambeba mgongoni kati ya marundo yale ya udongo hadi barabarani, na Mwadi hakuwa mwepesi, vidonge vilikuwa vimefanya kazi yake. Hospitalini nilimwambia daktari mambo yote mfululizo bila kupumua: vidonge vya kunona, miezi tangu mvua zilipoanza, amekatisha ghafla. Daktari hakuuliza mara mbili. Ilikuwa jioni tulipoambiwa kwamba damu imeanza kupanda, na kwamba kungengojwa siku moja, kusingekuwa na mtu wa kupandisha damu yake.

Tulikaa kwenye ukumbi, Trésor na mimi. Alikuwa anaandika kitu simuni, anafuta, anaandika. Mwisho akanisomea kwa sauti ya chini: "Unameza vidonge vya kunona? Usiviache peke yako, njoo tuviache pamoja." Akauliza kama ni mrefu sana. Nilihesabu pumzi, ilikuwa pumzi moja. Sasa nawaambia ninyi mnaofanya kazi hii ya simu, maana najua mnaninyooshea kidole mkisema mama anachukia ufupi. Sichukii. Kuku hukatwa, lakini hukatwa kwenye kiungo, na sharti na amri ni mfupa mmoja. Mkitaka kukata karanga zangu, kateni. Ujumbe ule wa pumzi moja wa Trésor ndio uliowaleta mabinti wa kwanza kituoni, wakiwa na vijifuko vyao mkononi, na hawakunikuta mimi mrembo wala mfupi wa maneno.

Shangazi alifika siku iliyofuata. Yav alimleta moja kwa moja wodini, kofia mkononi, uso umemwanguka. Mama wa Mwadi alisimama kando ya kitanda kana kwamba amefikishwa mahakamani. Shangazi alikuwa mwanamke mfupi mwenye vumbi la safari hadi kwenye nyusi, na nyuma yake Yav alikuwa anaburuta gunia. Akamtazama Mwadi, akatazama chupa ya maji inayodondoka, akatazama ule uso wa duara.

"Bamufanya nini?"

Mwadi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kutoka kwenye mto. "Mama, ulisema niko mukondefu."

Shangazi akageuka polepole kwa Yav.

"Mi nilisema nini?" akamuuliza. "Sema mbele yao. Nilisema: mutoto iko mukondefu, lakini iko muzuri, mi nitarudi na karanga, ale anone mbele ya kuanza kazi ya nyumba. Weye ulibeba 'mukondefu', karanga ukaiacha mu njia?"

Yav alisema laini ya simu ilikuwa mbaya. Alisema hivyo akitazama sakafu. Trésor, pembeni ya dirisha, naye alitazama sakafu, na mama wa Mwadi akafunika uso kwa kitenge. Gunia lilikuwa karanga. Lilisafiri kutoka Musumba juu ya lori, na mwenyewe akiwa amelikalia lisiibwe.

Shangazi hakupoteza muda na sisi. Akatoka kwenye ua wa hospitali, pale ndugu wa wagonjwa wanapopika, akaazima kinu na chungu kwa watu asiowajua, akatwanga. Akarudi na bakuli la uji wa karanga, mzito, unatoa moshi. Alikuwa amechoka na njia. Akaangalia nani yuko karibu, akanikuta mimi na koti langu jeupe.

"Na weye uko nani hapa?"

Nilitafuta jibu la heshima. "Mi nafundishaka bijana namna ya kula," nikasema. "Mu telefone."

"Mu telefone," akarudia, bila ubaya. Akaniwekea bakuli mikononi. "Basi mulishe."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilipuliza kijiko cha kwanza, Mwadi akafungua mdomo. Wanangu, nilikuwa nimesema habari za karanga maisha yangu yote, na sikumbuki kabla ya hapo kuwahi kumlisha kijana mmoja. Alikula mpaka chini ya bakuli pakaonekana, akaomba jingine.